Kumpima Mwenye Kumwuguza Mgonjwa Asiyetarajiwa Kupona

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa jumuiya, Kampala)

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola aliyeumba uzima na maradhi, akamwekea kila mja ajali yake. Rehema na amani zimfikie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Amma baad.

Maneno ya leo ni juu ya jambo ambalo watu hawapendi kulitaja mpaka limekwisha kupiga hodi mlangoni. Ni habari ya mgonjwa ambaye matabibu wamefikia mwisho wa ujuzi wao wa kumponya. Ni nani wa kumwuguza mgonjwa huyo? Na kwa kipimo gani jamaa zake watajua kwamba huyo aliyekabidhiwa anafanya kazi yake sawasawa?

Mara nyingi saratani inapogunduliwa, huwa imekwisha kuenea. Mgonjwa hurudishwa nyumbani, na jamaa huambiwa neno moja zito: hakuna la kufanya tena. Neno hilo si la kweli. La kumponya pengine halipo, ila la kumfanyia lipo, na ni jingi. Kuna kumwondolea maumivu, kumsafisha kidonda, kumlaza apate usingizi, kumpa mtu wa kuzungumza naye, kumwezesha kusali, kumsaidia kuandika wasia wake na kulipa madeni yake. Mtu aliyebakiwa na miezi mitatu ana haki ya kuishi miezi hiyo mitatu kama mwanadamu, si kama mzigo uliowekwa pembeni ukingoja kuchukuliwa.

Kazi hiyo ndiyo inayoitwa leo hospisi, na wengine huiita tiba shufaa. Kwa sura yake ya sasa ilianzia Uingereza, ambako Cicely Saunders, mwanamke aliyewahi kuwa muuguzi kisha akasomea udaktari, alifungua nyumba ya St Christopher's mjini London mwaka 1967. Katika Afrika ilitangulia katika mji uitwao leo Harare, mwaka 1979; ikafuata Nairobi mwaka 1990; na mwaka 1993 ikafika Kampala kwa juhudi za Daktari Anne Merriman. Mwaka 1998 kazi hiyo ilifika Mbarara na Hoima. Uganda haikufuata njia ya kujenga majumba yenye vitanda vingi. Ilichagua kumfuata mgonjwa kwake, muuguzi akaenda na mkoba wake mpaka kitandani, na vijijini wakapatikana watu wa kujitolea wa kumpitia mgonjwa na kupeleka habari zake kwa muuguzi.

Mwislamu asidhani kwamba jambo hili ni geni kwake. Katika zama za Mtume, Swalla Llahu alaihi wa sallam, bibi Rufaida wa kabila la Aslam aliwekewa hema karibu na msikiti wa Madina, akiwauguza majeruhi. Na humo ndimo alimowekwa Saad bin Muadh alipopigwa mshale katika vita vya Handaki. Saad hakupona jeraha lile, alifariki. Na pamoja na hayo hakuachwa. Aliwekwa mahali pa karibu ili Mtume apate kumzuru kwa wepesi. Baadaye masultani wa Kiislamu walijenga nyumba za wagonjwa kwa mali ya wakfu, kama ile ya Nuruddin mjini Damascus katika mwaka 1154 na ile ya Qalawun mjini Cairo katika mwaka 1284. Basi mwenye kusema kwamba kumhudumia asiyepona ni kupoteza mali bure, hayajui ya wazee wake.

Ama kwa nini mwuguzaji huyu apimwe? Sababu ni hii. Mtu akinunua nguo mbovu, huirudisha dukani. Akijengewa ukuta mbaya, huubomoa akaanza upya. Lakini mauti hayarudiwi. Mama akifa kwa kilio cha maumivu yaliyoweza kutulizwa, watoto wake hawana siku ya pili ya kumtengenezea. Watabaki na kilio kile masikioni mwao miaka mingi. Fauka ya hayo, mgonjwa mwenyewe hana nguvu za kulalamika, na mara nyingi huona haya. Kwa hiyo yeye ni amana mikononi mwa wale wanaomchagulia, na mwenye amana ataulizwa.

Wengi hupima kwa macho tu. Hutazama jengo, rangi ya kuta, gari lililosimama mlangoni, na ukubwa wa kibao cha jina. Vyote hivyo havimtulizi mgonjwa hata usiku mmoja. Vipimo vya kweli ni vingine, na vikubwa vyake ni sita.

Kipimo cha kwanza ni maumivu. Hili ndilo swali la kuanzia, na lisipojibiwa vizuri mengine hayana maana. Je, mwuguzaji humwuliza mgonjwa kila anapokuja, panauma wapi, na panauma kiasi gani? Je, anayo mofini ya maji ya kunywa? Dawa hii ndiyo nguzo ya kazi yote. Poda yake huchanganywa na maji, na hutiwa rangi ili nguvu zake zisikosewe. Iliyo hafifu nchini Uganda ni ya kijani, nayo ina miligramu 5 katika kila mililita 5. Hunywewa kila baada ya saa nne kwa kufuata saa, wala haingojwi mpaka maumivu yarudi, na kipimo cha wakati wa kulala huongezwa ili mgonjwa asiamshwe na maumivu usiku. Dawa hii hufunga choo. Kwa hiyo mwuguzaji anayetoa mofini bila dawa ya kulainisha choo ameondoa taabu moja akaleta nyingine, na hapo hapo mtu atajua kuwa hakufundishwa vema. Uganda ilibadilisha sheria mwaka 2004, ikawaruhusu wauguzi na waganga wasaidizi waliofuzu mafunzo maalumu kuiandika dawa hii, kwani madaktari walikuwa wachache na wagonjwa wengi. Basi si aibu kumwuliza mtu: umefundishwa wapi, na ruhusa yako ya kutoa dawa hii iko wapi?

Hapa inafaa kuondoa hofu iliyomo vifuani mwa watu wengi. Wapo wanaosema kwamba mofini ni kileo, kwa hiyo ni haramu. Na wapo wanaosema kwamba ndiyo dawa ya kumwulia mtu. Ama la kwanza, wanavyuoni wengi wa zama hizi wameruhusu kutumiwa kwake kwa mgonjwa mwenye haja nayo, kwa kiasi cha haja, kwa mkono wa mjuzi, na mwenye wasiwasi amwulize sheikh wake. Ama la pili, mofini inayoanzwa kwa kipimo kidogo na kuongezwa taratibu kwa kadiri ya maumivu haikusudiwi kumwua mtu, nayo ikitolewa hivyo haimwui. Kumwua mgonjwa kwa kisingizio cha kumhurumia ni haramu, na hospisi ya kweli haifanyi hivyo; wala haiharakishi mauti wala haiyacheleweshi kwa kumtesa mja. Tena mtu asiseme kwamba maumivu ni kafara ya madhambi, basi mgonjwa aachwe augue. Kusubiri ni thawabu ya mgonjwa. Kumtuliza ni wajibu wa mwenye uwezo. Haifai mtu mzima kuvuna thawabu kwa subira ya mwenziwe.

Kipimo cha pili ni kupatikana. Maradhi hayana saa za ofisi. Yapasa jamaa waulize tokea siku ya kwanza: mgonjwa akizidiwa usiku wa manane, au siku ya Idi, ni nani atakayeipokea simu? Muuguzi huja mara ngapi kwa juma? Ajapo, huketi, au husimama mlangoni akitazama saa yake? Dawa ikiisha kabla ya siku yake, hupatikana wapi? Mwuguzaji mwema hujibu maswali haya bila kuudhika, na huwaachia jamaa karatasi yenye majina ya dawa na saa zake.

Kipimo cha tatu ni ukweli na mashauri. Ipo desturi katika majumba mengi ya kumficha mgonjwa maradhi yake. Watoto humwambia daktari, "Usimwambie baba, atakufa kwa fikira." Nia yao ni huruma, lakini tazama matokeo yake. Chukua mfano wa mzee mwenye madeni, mwenye watoto kwa wake wawili, na shamba lisilo na hati. Akifichwa, atakufa akingoja kupona. Deni litabaki shingoni mwake, wasia hautaandikwa, shamba litagombewa, na ndugu watasimama mahakamani juu ya kaburi ambalo udongo wake haujakauka. Mwuguzaji mwema hamtupii mgonjwa habari kama jiwe, wala hasemi uwongo. Humwuliza kwanza kwa upole: "Mzee, wewe mwenyewe unafahamu nini juu ya maradhi haya, na ungependa kujua kiasi gani?" Kisha humpa kwa kadiri anavyoweza kubeba. Asiyetaka kujua halazimishwi. Anayetaka kujua hanyimwi.

Kipimo cha nne ni dini ya mgonjwa. Si sharti mwuguzaji awe Mwislamu, na haki isemwe, wengi waliofanya kazi hii nchini ni Wakristo, nao wamewaingia Waislamu kwa heshima na kuwauguza kama jamaa zao. Kinachopimwa ni je, humwacha mgonjwa na dini yake? Je, kitanda kinaweza kuelekezwa kibla? Je, mgonjwa husaidiwa kujisafisha, au hupewa mchanga wa kutayamamu akiwa maji yanamdhuru? Je, muuguzi anajua kwamba asiyeweza kusimama husali akiketi, na asiyeweza kuketi husali akilala, kwa hiyo mpira wa mkojo si sababu ya kumkatia mtu sala? Je, mwanamke huhudumiwa na mwanamke panapowezekana, na sitara yake huhifadhiwa anapooshwa? Je, mwezi wa Ramadhani ukiingia, mgonjwa hupata mtu wa kumweleza kwamba ameruhusiwa kula na kunywa dawa zake, naye asijione mkosefu? Na sakarati zinapofika, je, jamaa hupewa nafasi ya kumtamkia shahada kwa sauti ya chini, au hufukuzwa chumbani? Mwuguzaji asiyeyajua haya si mbaya, akiwa tayari kufundishwa. Mbaya ni yule anayeambiwa akadharau, na mbaya zaidi ni yule anayetumia udhaifu wa mgonjwa kumvuta katika dini nyingine.

Kipimo cha tano ni jamaa. Muuguzi huja saa moja akaondoka. Saa zile nyingine ni za binti, mke, au mkwe. Kwa hiyo hospisi njema huwafundisha hao. Huwaonyesha jinsi ya kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa chache asipate vidonda vya mgongoni, jinsi ya kumsafisha kinywa kilichokauka, jinsi ya kupima dawa, na jinsi ya kuondoa harufu ya kidonda kwa kukinyunyizia vidonge vya metronidazoli vilivyosagwa. Jambo hili la harufu watu huliona dogo, ilhali ndilo linalowakimbiza wageni na kumwua mgonjwa kwa upweke kabla ya siku yake. Tena mwuguzaji mwema humtazama yule mwenye kuuguza, akamwuliza: "Wewe je, umelala? Umekula?" Na baada ya maziko hurudi walau mara moja kuwapa pole waliobaki.

Kipimo cha sita ni mali. Mgonjwa wa namna hii amekwisha kuuza ng'ombe na baiskeli akitafuta kupona. Nchini Uganda mofini ya maji imekuwa ikitolewa bure kwa mgonjwa. Kwa hiyo anayeiuza kwa bei aulizwe sababu. Gharama nyingine zitajwe mapema na kwa wazi. Na anayeahidi kuponya kile ambacho matabibu wote wamekiri kuwa hakiponi, akataka fedha kabla, huyo si mwuguzaji. Ni mfanya biashara ya matumaini.

Huenda mtu akauliza: vipimo hivi ni vya maneno tu, au kuna njia ya kuviandika? Njia ipo. Chama cha tiba shufaa cha Afrika, ambacho makao yake yako Kampala, kimetengeneza mizani ya maswali 10, na kila swali hujibiwa kwa namba tokea 0 mpaka 5. Maswali 7 huulizwa mgonjwa mwenyewe juu ya siku 3 zilizopita: maumivu yake, taabu nyingine za mwili, wasiwasi juu ya maradhi, kama ameweza kuwaeleza jamaa yaliyo moyoni, kama ameona maisha yana thamani, kama ana utulivu wa nafsi, na kama jamaa zake wamepata msaada na mashauri ya kupanga ya mbele. Maswali 3 huulizwa jamaa: wamepewa habari kiasi gani, wana uhakika gani wa kumwuguza, na wana wasiwasi kiasi gani juu yake. Faida ya mizani hii iko katika kurudiwa. Mgonjwa akisema leo maumivu ni 5, na baada ya juma akasema bado ni 5, kuna kasoro, hata muuguzi awe na tabasamu zuri namna gani. Yakishuka hadi 1, kazi inafanyika, hata nyumba iwe ya udongo. Jamaa wanaweza kumwomba mwuguzaji mizani hiyo. Akisema haijui, na aseme basi anapimaje kazi yake.

Mtu akitazama maswali hayo kwa makini ataona jambo. Maumivu na dawa ni ya tabibu. Lakini upweke, utulivu wa nafsi, kuwa na mtu wa kumweleza ya moyoni, hayo tabibu hawezi kuyatenda peke yake. Hayo yako juu ya jamaa, na juu ya jirani, na juu ya jumuiya. Kwa hiyo mizani inayompima mwuguzaji huwapima na Waislamu wa mtaa huo huo. Mgonjwa wao akijibu kwamba hana mtu wa kuzungumza naye, aibu hiyo si ya hospisi. Ni ya msikiti ulioko hatua mia kutoka mlangoni kwake, ambao watu wake watajaa uwanjani siku ya maziko yake na kula sinia la wali, ilhali alipokuwa hai akigeuzwa na mkewe peke yake hakuingia mtu. Kumzuru mgonjwa ni haki ya Mwislamu juu ya Mwislamu mwenziwe, na haki hiyo ni ya aliye hai.

Basi yako mambo manne ambayo jumuiya inaweza kuyatenda bila kungoja fedha nyingi. La kwanza, kuwaweka watu, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, wa kuwazuru wagonjwa wa namna hii kila juma, wakae kidogo, waseme kidogo, wasikilize zaidi, wala wasiulize habari za kutisha. La pili, kumpata mjuzi wa faraidhi wa kuwasaidia wagonjwa kuandika wasia mapema, kwa kuwa wasia hauzidi thuluthi ya mali, na mrithi hausiiwi, na wengi hawayajui haya mpaka wakati umepita. La tatu, kuwaita wauguzi wa hospisi katika madrasa na misikiti waeleze kazi yao, na wao waelezwe ada za Waislamu za ugonjwa na mauti. La nne, kuandika katika daftari moja yale ambayo kila nyumba imeyaona kwa mwuguzaji wake, mema na mabaya, kwa haki, bila ya kusingizia wala kuficha, ili nyumba itakayofikwa kesho isianze gizani.

Na katika kuandika huko, insafu ni sharti. Jamaa aliyefiwa ana uchungu, na uchungu hutafuta mtu wa kulaumiwa. Mwuguzaji asilaumiwe kwa sababu mgonjwa amekufa; hilo halikuwa mikononi mwake. Na aulizwe mgonjwa alikufa namna gani: alikuwa msafi, au alitupwa? Alikuwa ametulia, au alipiga kelele usiku kucha? Aliwaaga watoto wake, au alikufa akiwa hajui linalompata? Mwenye kujibu vizuri maswali hayo, ashukuriwe hadharani, awe wa dini yoyote, kwani asiyemshukuru mtu mwema hajui kushukuru.

Kila aliyeketi hapa ataingia katika mojawapo ya milango miwili: ama atamwuguza mtu wake, ama atauguzwa yeye. Wengi wataingia yote miwili. Kipimo ambacho mtu angependa kitumike juu ya kitanda chake mwenyewe, na akitumie leo juu ya kitanda cha mwenziwe.

Mwenyezi Mungu awape wagonjwa nafuu, na wale ambao ajali yao imekaribia awape wepesi, utulivu na mwisho mwema. Awalipe kheri wanaowauguza usiku na mchana. Na awarehemu waliotangulia. Amin.